Yaya Ndani ya Sanduku

Opereta: Mwanza! Mwanza, simu yenu ya London hiyo. Ongeeni.

Felicitas: Haloo! Haloo? Nani wewe?

Jayshree: Haloo, Yaya? Ni mi—

Felicitas: Nani? Paza sauti, humu ndani ya waya mnanyesha mvua!

Jayshree: Ni mimi, Jayshree! Jayshree wa mzee Jivraj!

Felicitas: Nani wa nini?

Jayshree: Jeshi, Yaya! Jeshi!

Felicitas: Jeshi la wapi?

Jayshree: Yaya, usinifanyie hivyo bwana.

Felicitas: Nauliza tu. Dunia ina majeshi mengi. Mimi ninalijua moja, lilikuwa halitaki uji, linaumwaga dirishani ghorofani, unamwangukia—

Jayshree: —unamwangukia Hasham kichwani. Shikamoo, Yaya.

Felicitas: Marahaba, mwanangu! Marahaba! Ai, waitu! Hasham, ni yeye! Nakwambia ni yeye mwenyewe! Marahaba mara mia, Jeshi wangu. Hujambo? Mama hajambo? Baba? Kaka?

Jayshree: Hatujambo wote. Mama bado anagombana na masufuria. Hasham yuko hapo?

Felicitas: Yuko? Simu yake, duka lake, na masikio yake. Amesimama ubavuni mwangu anajifanya anapanga viberiti. Anakusalimu. Anasema bado ananukia uji.

Jayshree: [anacheka] Mwambie samahani.

Felicitas: Sisemi. Kilikuwa kichwa kikavu, kilihitaji kitu cha moto. Sasa niambie, mtoto wewe, umekuwaje? Telegramu inasema, "Felicitas aje dukani kwa Hasham Jumatano, simu London." Basi! Haina salamu, haina sababu. Imeletwa Sengerema na Nkwabi wa basi, na Nkwabi hajui kusoma kimoyomoyo. Ameisoma stendi kwa sauti ya mnada. Mji mzima unajua nina miadi na Ulaya!

Jayshree: Pole, Yaya. Ulisafiri vizuri?

Felicitas: Vizuri gani? Nimeamka na jogoo. Renatha binti yangu akanivalisha gauni la Pasaka. Nikamwambia, mwanangu, simu haioni. Akasema, Mama, Wazungu wana mambo, huwezi kujua. Haya, nimevuka na pantoni, Kigongo tukakwama nyuma ya lori la pamba, lori limezima katikati kama ng'ombe aliyegoma. Nafika hapa nje kuna foleni ya sabuni, watu wanadhani nimekuja kuwapita. Nikasema, jamani, mimi sitaki sabuni, nataka London. Wanacheka mpaka sasa.

Jayshree: Renatha hakukosea sana. Huku kuna sanduku linaloona.

Felicitas: Linaona nini?

Jayshree: Yaani televisheni. Unajua televisheni?

Felicitas: Nimesikia. Wanasema Zanzibar ipo. Subiri... Hasham anasema ni redio yenye dirisha.

Jayshree: Hivyo hivyo! Basi mimi ndiyo kazi yangu, Yaya. Ninaandika hadithi za humo. Watu wanaigiza, wanapigwa picha, kila Jumapili jioni watu wanakaa sebuleni wanatazama.

Felicitas: Unaandika hadithi? Wewe? Wewe uliyekuwa unalala kabla sungura hajafika kisimani?

Jayshree: Nilikuwa nafumba macho tu. Nilikuwa nasikia zote.

Felicitas: Hm. Na Kiswahili chako kimeota kutu.

Jayshree: Naongea na nani huku? Mama anachanganya, kaka anajibu Kiingereza. Naongea peke yangu bafuni.

Felicitas: Basi endelea kuoga sana. Na hadithi yenyewe ni ya nini?

Jayshree: Ni ufalme mmoja, uko kisiwani katikati ya ziwa. Una malkia, ana watoto watatu. Chini ya ziwa kuna nyoka amelala tangu dunia kuumbwa, na kila akigeuka ubavu—

Felicitas: —kisiwa kinahama! Jeshi! Hiyo ni yangu!

Jayshree: Ni yako.

Felicitas: Nyoka huyo nimemzaa mimi! Nilimzaa jikoni kwa mama yako, siku mliyogoma kula bamia!

Jayshree: Najua. Ukasema kila bamia inayobaki kwenye sahani inakwenda kumwamsha.

Felicitas: Na mkala!

Jayshree: Mpaka leo siwezi kubakiza bamia, Yaya. Watu hotelini wananishangaa.

Felicitas: [anacheka] Safi sana. Elimu haiozi. Basi Waingereza wote sasa wanamwogopa nyoka wangu?

Jayshree: Wote. Watoto wao wanalala na taa. Na humo ndani, Yaya... kuna na mtumishi mmoja. Yuko jikoni kwa malkia. Ndiye anayewasimulia watoto hadithi za kale. Hakuna anayemwamini, lakini kila anachosimulia, baadaye kinatokea kweli.

Felicitas: Ehe. Mtumishi.

Jayshree: Mtumishi mzee.

Felicitas: Mzee kiasi gani?

Jayshree: Mzee tu.

Felicitas: Jeshi.

Jayshree: Ana... ana mvi kidogo.

Felicitas: Kidogo kiasi gani?

Jayshree: Zote.

Felicitas: Mawe, mama yangu! Hasham, unasikia? Mtoto nimemlea kwa mikono hii, amenipeleka Ulaya kunipaka mvi! Jeshi, mimi nilipokuwa nawalea nilikuwa na miaka arobaini na meno yangu yote!

Jayshree: Mimi nilikuwa na miaka sita, Yaya! Kwangu ulikuwa mzee kama mawe ya ziwani!

Felicitas: Mawe ya ziwani! Ongeza! Na nani anajifanya mimi?

Jayshree: Mama mmoja wa Kizungu. Mwigizaji mkubwa sana, anaheshimika.

Felicitas: Ana mwili?

Jayshree: Unasemaje? Laini inakwaruza.

Felicitas: Nasema ana mwili? Ana umbo la mtu aliyelishwa?

Jayshree: Hana. Ni mwembamba.

Felicitas: Mwembamba kama nini?

Jayshree: Kama ufito.

Felicitas: Ufito! Mimi, Felicitas binti Rwegasira, ufito! Zikifika Bukoba habari hizi ukoo utaweka kikao!

Jayshree: Lakini niliwaambia! Niliwaambia haiwezekani, wakamfunga mto kiunoni kwa nyuma.

Felicitas: Mto wa nini?

Jayshree: Wa sufi. Mnono.

Felicitas: [anafikiri] Mto mmoja?

Jayshree: Mmoja.

Felicitas: Waongeze. Na huyo ufito anajua kusimulia, au anasoma tu kama mwenyekiti wa kijiji?

Jayshree: Anajua. Ila siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mimi nimeandika vile vile ulivyokuwa unaanza. "Nilikuja, nikaona." Halafu nikaandika, anyamaze, asubiri.

Felicitas: Ndiyo. Lazima asubiri. Watu waitikie.

Jayshree: Basi yule mama akasema, "Nilikuja, nikaona," akanyamaza. Watoto waigizaji wakanyamaza. Watu wa kamera wakanyamaza. Mkubwa wetu akapiga kelele, "Kuna nini, amesahau maneno?" Nikamwambia hajasahau, anangoja kuitikiwa. Akasema, aitikiwe na nani? Nikasema, na hao watoto. Waseme, "Ona, nasi tuone." Akasema muda wa televisheni ni ghali, hakuna wa kungoja.

Felicitas: Sasa anasimuliaje? Hadithi isiyoitikiwa ni mtu anaongea na ukuta!

Jayshree: Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia. Tukagombana wiki nzima. Mwisho watoto wenyewe wakaanza kuitikia bila kuandikiwa. Na sasa, Yaya, Jumapili jioni ukipita mitaani huku unasikia majumbani, watoto wasiojua hata Tanzania iko wapi, wanaliitikia sanduku.

Felicitas: Wanaitikia?

Jayshree: Wanaitikia wote kwa pamoja.

Felicitas: Hasham, acha viberiti hivyo, vimeshapangika. Wanaitikia, Hasham. Wazungu wadogo wadogo. [anapenga kamasi] Si kilio, ni mafua ya pantoni. Haya, Jeshi. Umenifurahisha, umenitukana, umenifunga mto. Sasa sema shida yako.

Jayshree: Shida gani?

Felicitas: Mtu hamvushi mwenzake ziwa kwa ajili ya kumpa habari za mto. Nimekulea mimi. Ukitaka kitu unazunguka kwanza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jayshree: Kesho asubuhi lazima nipeleke sehemu ya mwisho. Nimeandika mara nyingi, nachana. Wakubwa wanasema hadithi inahitaji kifo, watazamaji walie. Wanataka... wanataka mzee afe.

Felicitas: Mzee yupi?

Jayshree: Yule wa jikoni.

[Laini inakwaruza.]

Felicitas: Jeshi. Umenitoa Sengerema, na gauni la Pasaka, kunitangazia kifo changu?

Jayshree: Ndiyo maana nimepiga! Naogopa, Yaya. Nikishika kalamu naona kama nakufanyia uchuro. Siku tatu sijalala. Nikasema nisikie sauti yako kwanza, nijue uko hai, ndiyo niandike.

Felicitas: Sauti umeisikia. Iko hai?

Jayshree: Iko hai sana.

Felicitas: Basi. Uchuro ni kweli upo, mimi siudharau, lakini na wenyewe hukosea nyumba. Jirani yetu Apolinary wameshamtandikia mkeka wa msiba mara mbili. Mara zote mbili ameamka akauliza chai iko wapi. Niue tu, mwanangu, kazi ni kazi. Ila nisife kwa kuhara. Watu wa nyumbani watasema nini?

Jayshree: [anacheka na kulia] Hapana, si kuhara.

Felicitas: Basi nakufa na nini? Nyoka amenimeza?

Jayshree: Moto. Adui anachoma ngome usiku, mzee anabaki ndani.

Felicitas: Moto mkubwa?

Jayshree: Mkubwa mno.

Felicitas: Afadhali, moto mkubwa una heshima. Na watoto? Wako wapi watoto wangu nikiungua?

Jayshree: Wameshaondoka. Wanatoroka alfajiri, kabla ya moto. Wanapanda ndege weusi wakubwa, nimewachora kama wale minandi wanaokaa juu ya mawe hapo Mwanza.

Felicitas: Vizuri. Wameokoka. Na mimi wakati wanapanda niko wapi?

Jayshree: Jikoni.

Felicitas: Jikoni nafanya nini, watoto wanaondoka?

Jayshree: Uko... yuko tu. Ameuelekea ukuta. Yule binti mdogo anamwita kutoka langoni. Anamwita mpaka sauti inakauka. Haji.

Felicitas: Haji?

Jayshree: Haji.

Felicitas: Hawasindikizi? Hata mgeni wa usiku mmoja unamtoa mpaka njia panda! Watoto aliowalea wanakwenda wasikokujua, na yeye anatazama ukuta? Kwa nini?

Jayshree: Sijui.

Felicitas: Wewe si ndiye mwandishi?

Jayshree: Sijui, Yaya. Wakubwa nao wameniuliza kwa nini haji, nikashindwa kuwajibu. Nikasema kuna mtu mmoja tu anayejua.

[Laini inakwaruza.]

Felicitas: Hasham. Toka nje kidogo, baba. Kaangalie foleni yako. Nenda tu.

Jayshree: Yaya? Upo?

Felicitas: Nipo. Jeshi, hiyo uliyoandika ni hadithi, au ni habari?

Jayshree: Ni sehemu ya mwisho tu, Yaya.

Felicitas: Nakuuliza wewe.

Jayshree: Nilikaa dirishani, Yaya. Kwenye ndege, siku tuliyohamia huku. Baba alinifunga mkanda mwenyewe kwa sababu nilikuwa nakataa kukaa. Watu wote walikuwa pale kwenye uzio. Hasham alikuwepo, mwalimu wangu alikuwepo, hata fundi baiskeli wa chini alikuja akapunga spana. Nikakutafuta. Wewe hukuja.

Felicitas: Wewe—

Jayshree: Niliwaambia wasiwashe ile ndege. Mama akasema, labda amekasirika, kwa sababu cherehani tumempa Hasham.

Felicitas: Cherehani!

Jayshree: Ndivyo alivyosema.

Felicitas: Mimi hata kifungo sijui kukishona! Cherehani ningeifanyia nini, niilaze mtoto? Jeshi, ngoja. Nyamaza unisikilize. Nilikuja.

Jayshree: Hukuja, Yaya. Niliangalia.

Felicitas: Nilikuja! Nilikuja na kikapu! Nimekaanga ndizi gonja asubuhi nzima, zile zilizoiva mpaka zinalia, nikazifunga kwenye jani la mgomba ziwafikishe huko muendako. Nikavaa viatu! Mimi, viatu! Kutoka Kirumba mpaka uwanjani kwa miguu, vinaniuma, nasema haidhuru, leo si siku ya kwenda peku. Nafika jua liko utosini. Kiwanja kitupu. Kuna mfagizi mmoja tu, anaitwa Shimba, sitamsahau. Nikamwuliza, baba, ndege ya akina Jivraj imekaa wapi? Akatazama juu, akanitazama mimi, akatazama kikapu. Akasema, mama, hiyo saa hizi inakunywa chai Nairobi.

Jayshree: Jua utosini? Ndege iliondoka asubuhi mapema!

Felicitas: Hilo nililijua pale pale. Lakini mimi niliambiwa saa saba.

Jayshree: Saa saba? Nani alikwambia saa saba?

Felicitas: Acha, Jeshi.

Jayshree: Yaya, nani?

Felicitas: Yamepita hayo.

Jayshree: Hayajapita! Nani?

Felicitas: Mtoto mmoja. Jioni ile nashuka ngazi zenu kwenda kwangu, kanikimbilia, macho yamevimba, kamasi mpaka kidevuni. Kanishika gauni. Kasema, "Yaya, njoo uwanjani kesho saa saba, usichelewe, naapa usichelewe."

Jayshree: Mimi.

Felicitas: Jina sijataja.

Jayshree: Baba alisema... Ah. Ah, Yaya. Baba alisema kwa Kigujarati. Alikuwa na tiketi mkononi, akasema, "Saat vage." Saat ni saba. Saba ya Kihindi, kama ya Kizungu, saba ya asubuhi. Kwenu ni saa moja. Saa moja! Na nilikuwa najua! Shuleni nilikuwa nawafundisha wenzangu!

Felicitas: Ulikuwa unalia.

Jayshree: Nikaichukua saba ya baba nikakuletea mbichi vile vile. Saa saba. Ni mimi niliyekuambia saa saba.

Felicitas: Basi kumbe.

Jayshree: Yaya, nisamehe.

Felicitas: Hebu subiri kwanza. [anaanza kucheka] Subiri. Kumbe ni saba tu! Miaka yote hii mimi nasema, wale wakubwa wamemtuma mtoto anidanganye, nisiende kuwaaibisha uwanjani. Maana nikilia mimi, nalia na mtaa.

Jayshree: Unafikiri tungekudanganya?

Felicitas: Nilifikiri. Nisiwe mnafiki. Iliniuma, Jeshi. Iliniuma vibaya. Nilivua viatu pale pale kwenye uzio nikarudi peku. Nikaona haya hata kumwuliza Hasham. Mwezi haujaisha nikahamia Sengerema, nikasema Mwanza nimeshiba.

Jayshree: Nami nililia mpaka Nairobi. Baba akaninunulia soda, sikuinywa.

Felicitas: Basi wewe ulilia juu, mimi nikalia chini, na aliyefaidi gonja ni Shimba.

Jayshree: [anacheka] Alizila?

Felicitas: Zote! Na kikapu akaomba! Wewe umeninunia, mimi nimekununia, halafu umekwenda kunichoma moto mbele ya Waingereza, nimeelekezwa ukutani kama mwanafunzi mtundu. Kwa sababu ya saba!

Jayshree: Sikutaka kukuchoma. Nilitaka kujua tu kwa nini hukuja. Kila siku nilitaka kujua. Nilikuwa nakupenda kuliko watu wote mle ndani, Yaya, nikaona kumbe mimi kwako nilikuwa kazi tu.

Felicitas: Kazi? Kazi unavaa viatu vya kubana? Mtoto wewe una wazimu. Nimezaa watoto wanne, wa tano wewe, na wewe ndiye niliyemkaangia gonja nikaapa sitamwonjesha mtu. Usiseme tena neno hilo.

Jayshree: Sisemi.

Felicitas: Haya, futa kamasi. Nazisikia mpaka huku.

Jayshree: Nitaibadilisha yote. Hafi. Nitawaambia kesho, hafi, na kama hawataki waniachishe kazi.

Felicitas: Wakuachishe uje kula nini? Bamia? Hapana. Wakubwa wanataka kifo, wape. Wazee tunakufa, si habari mpya. Mimi sigombei kufa.

Jayshree: Unagombea nini?

Felicitas: Nagombea lango. Mtu akae—

Opereta: Mwanza, London, dakika moja. Laini ya Nairobi inahitajika.

Jayshree: Tuongezee! Tafadhali, dada!

Opereta: Haiongezeki. Dakika moja.

Felicitas: Acha kubishana na dada wa watu. Kalamu unayo?

Jayshree: Ninayo, ninayo. Sema.

Felicitas: Andika. Watoto wako langoni. Yule binti anaita.

Jayshree: Anaita. Ndiyo.

Felicitas: Mzee anatoka jikoni. Anakimbia.

Jayshree: Anakimbia? Yaya, yule mama ana miaka karibu themanini, na mto nyuma!

Felicitas: Akimbie na mto wake! Na kikapu mkononi. Wewe ndiye mwandishi, mkimbize.

Jayshree: Anakimbia. Anafika ndege wameshapaa, au—

Felicitas: Nani kasema wamepaa?

Jayshree: Nauliza tu, ni saa ngapi hapo, jua limetoka au—

Felicitas: Saa usiweke! Mimi na wewe tusiwekeane saa tena mpaka tufe! Jua liache lilivyo. Andika amefika, watoto wapo, kikapu wamepokea, amewashika mmoja mmoja, amewatoa mpaka nje ya lango. Amewaambia wawasalimie watu wa huko waendako. Umeandika?

Jayshree: Naandika, naandika. Yaya, nitakuja. Nitakuja Mwanza, nakuapia.

Felicitas: Njoo. Ukija mwambie mwingine aniambie saa. Haraka, soma ulichoandika.

Jayshree: "Alifika."

Felicitas: Basi? Neno moja?

Jayshree: Ndilo nililoweza. Dakika inakwisha.

Felicitas: Linatosha. Liache hivyo hivyo. Sasa waambie hao wakubwa wako wawashe moto wao, mimi nimeshafik—

[Laini inakatika.]